Jangwa Tupu la Kwenye Picha

Picha za sola zote zinafanana. Droni juu, safu za paneli chini, jangwa tupu pembeni, jua likimetameta. Zitafute kwenye matangazo au ripoti za wafadhili: hakuna mnyama, hakuna majani, hata kinyesi cha mbuzi hakuna. Ni picha poa, sikatai. Shida yangu ni hilo neno "tupu".

Chukua Ivanpah, jangwa la Mojave kule California, iliyozinduliwa 2014. Minara mitatu, kila mmoja kama mita 140, na vioo zaidi ya laki tatu vinavyorusha jua juu ya minara kuchemsha maji. Kwenye picha inang'aa kama mji wa filamu. Lakini pale palikuwa na kobe. Kobe wa Mojave hukaa shimoni karibu maisha yake yote, so ukipita na gari utaapa hakuna kitu. Ujenzi ulipoanza wakakutwa wengi kuliko ilivyokadiriwa, hadi 2011 serikali ikasimamisha sehemu ya kazi.

Halafu ndege. Mwanga wa mnara unaita wadudu, wadudu wanaita ndege, na ndege akikatiza ule mwali manyoya yanaungua akiwa hewani. Wafanyakazi waliona vile vimkia vya moshi hadi wakavipa jina lao. Sasa fikiria: picha inapigwa kutoka angani, kwa ndege kabisa, na ndege hayumo.

Paneli za kawaida, kama zile za Garissa, hazichomi ndege hivyo. (Na bado ni afadhali kuliko dizeli, msinirushie mawe.) Ila nazo zina uongo wake. Mwaka 2010, Gábor Horváth wa Hungary na wenzake walionyesha kuwa wadudu wa majini huona paneli kama maji, tena huvutiwa nazo kuliko maji yenyewe. Wanataga hapo, mayai yanaharibika. Ukichora mistari myeupe kwenye paneli, wanapungua. Rahisi hivyo, lakini lazima kwanza mtu ainame aangalie.

Kaskazini mwa Kenya nako huitwa tupu, hasa na sisi wa Nairobi. Picha kama hizi ndizo hufika mezani kabla ardhi haijazungushiwa ua. Anayepewa kazi ya kupiga inayofuata aache droni kwenye gari, aende mvua ikishanyesha, saa kumi na mbili asubuhi, alale kifudifudi na kamera yake.