Hongereni Wakulima wa Bashay
Kitunguu saumu cha Mbulu kina jina sokoni, na sehemu kubwa ya jina hilo imetoka Bashay, kwa familia zinazogawana maji ya mfereji. Mimi nawapongeza kwa maji hayo kuliko hata kwa ukali wa vitunguu. Zamu ikiangukia usiku, mtu huamka na jembe lake, akafungua maji, akajaza majaruba, kisha akaziba ili jirani wa chini naye apate. Ndiyo maana leo kwangu, kesho kwako. Kandokando ya mfereji huota figiri na sukumawiki za mboga ya jioni, ambazo dalali wa magunia, mwenye haraka zake, hazioni kabisa.