Usiniambie Ni Tamu

Nimeandika uhakiki wa vitabu kwa miaka kadhaa sasa, na nikisoma maandishi yangu ya nyuma kuna neno moja linanitia aibu: tamu. Riwaya tamu, lugha tamu, tamati tamu. Neno hilo nilinyang'anywa Jumamosi moja ya Julai, hapa Iringa, mbele ya sahani mbili za lazanya.

Aliyeninyang'anya ni rafiki yangu, mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, ambaye sisi tuliosoma naye chuo tunamwita Ticha. Tulikutana Mama Iringa, ule mgahawa wa Kiitaliano wa upande wa Don Bosco, kwenye nyumba iliyokuwa ya watawa. Wengi huenda pale kufuata piza. Sisi tulifuata lazanya, kwa sababu Ticha ndiye aliyenionjesha chakula hicho mara ya kwanza maishani, nami nilitaka kulipa deni.

"Kamwene," akanisalimia, kisha hata kabla sijavuta kiti: "We mwandishi, nikwambie kitu. Mimi sisikii harufu. Tangu yale mafua ya mwaka jana. Hata maharage yakiungua, hata gesi ikivuja." Aliyasema hayo kama anayetaja bei ya vitunguu. Ulimi wake bado unafanya kazi: chumvi, sukari, uchachu, uchungu, vyote anavipata. Lakini kinachotofautisha nyama na uyoga, kwa sehemu kubwa, hupitia puani, na huko kumefungwa. "Kwa hiyo leo wewe ndiye pua yangu. Niambie ninakula nini. Na usiniambie ni tamu."

Lazanya ikaja inafuka mvuke. Nikaanza vibaya: "Ina ladha ya kipekee." Akacheka. "Hiyo ni ya nyuma ya jalada la kitabu." Nikasema ni ya Kiitaliano hasa. Akaweka uma chini. Yeye amekulia Tosamaganga, na Wamisionari wa Consolata kutoka Turin walifika huko 1919. Kwake Mwitaliano ni jirani, si ladha.

Basi nikala polepole, kama mtoto anayefuata mistari kwa kidole. Nikamwambia: juu kuna ukoko. Si wa wali, ni wa jibini, lakini ni ukoko kabisa, ule watoto wanaougombania chunguni, na una harufu ya maziwa yaliyofurika yakagusa moto. Chini yake unga uliosukumwa kama chapati, ila huu umeiva kwa majimaji, umelainika. Rojo jeupe la maziwa na siagi ni uji wa mgonjwa uliotiwa kungumanga. Nyanya imekaa motoni mpaka ubichi umeisha. Ile harufu ya kijani unayoipata Ilula ukifungua dirisha la basi, ndoo za nyanya zikiinuliwa usoni kwako, humu haimo. Iliyobaki ni ya nyumba ambayo mtu amepika mchuzi tangu asubuhi.

Kwenye Ilula alifumba macho. "Hapo nimeipata," akasema. "Si mdomoni. Kichwani."

Nikiri kwamba mhakiki bora pale mezani alikuwa yeye. Aligundua nisichokigundua mimi: kwamba chumvi hutangulia na uchachu huja nyuma, baada ya kumeza, kwamba tabaka la tatu linaunguza kuliko la kwanza. "Kipande cha kona ndicho chenye hadithi," akasema, "meno yanapata kazi. Cha katikati ni maelezo tu." Mimi napenda katikati, kungumanga imekaa huko. Lakini ningebishana naye vipi? Nikampa kona yangu.

Toka siku hiyo nimekuwa nikifungua riwaya zetu kutafuta mahali watu wanapokula. Mara nyingi meza huandaliwa vizuri, pilau, samaki wa kupaka, halafu wahusika "wakala wakashiba" na sura imekwisha. Jamani, maneno tunayo: ukakasi, shombo, uvundo, ugwadu, ukoko. Hatuyaajiri. Na ndani ya Kiswahili kuna jambo ambalo sikuwa nimelisikiliza mpaka Ticha alipolitamka: sisi harufu tunaisikia. Kwa hiyo asiyeinusa ni kama kiziwi wa namna yake, na uhakiki unaomwambia "kitamu" ni sawa na kumpungia mkono kutoka mbali.

Ticha anafanya mazoezi ya kunusa, asubuhi na jioni, yale ambayo Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walichapisha matokeo yake mwaka 2009: waridi, limau, karafuu na mkaratusi. Mikaratusi haijawahi kutupungukia huku. Waridi analiazima kwenye bustani ya jirani. Kwa kila kimoja anakaa sekunde chache akijaribu kukikumbuka, maana nusu ya kazi, anasema, ni kumbukumbu. Mpaka siku ile karafuu ilikuwa imemrudia kidogo, tena siku nyingine tu.

Zile kona mbili hakuzimaliza, akaomba afungiwe. Ndani ya bajaji, tukirudi mjini kwenye baridi, alifunua kile kiboksi, akakiinamia kwa muda mrefu, akakifunika.

"Bado," akasema. "Hebu rudia ile ya Ilula."