Ati The Raincoats hawakujua kupiga gita?

NENO ‘panki’ lilitufikia likiwa kichwani, si masikioni. Kijana alitoka kwa kinyozi nywele zimesimama kama kishungi cha jogoo, watu wakasema amenyoa panki. Muziki wenyewe ulisikika kwa wachache. Na muziki wa baada ya panki, je? Huo ndio usiseme!

Bendi ninayoihakiki leo ni The Raincoats. Ilianzishwa London mwaka wa 1977 na Ana da Silva, mzaliwa wa Madeira, Ureno, pamoja na Gina Birch, wakiwa wanafunzi wa sanaa katika Hornsey. Kilichomtia Birch ujasiri ni kuwaona wanawake wenzake, The Slits, jukwaani. Baadaye Palmolive, aliyewahi kuwapigia ngoma Slits hao, alijiunga nao. Vilevile Vicky Aspinall na fidla yake. Albamu yao ya kwanza ilitolewa na Rough Trade mwaka wa 1979.

Wahakiki, hata wale wanaoipenda, hudai kwamba utamu wake umetokana na kutojua. Ati wasichana walijikokota tu, bahati ikawaangukia. Hoja hii siikubali. Aspinall alikuwa amesomea muziki wa kiklasiki. Isikilize fidla yake: haiufuati wimbo kwa adabu, inaukwaruza na kuuvuta kando, kisha inaurejesha. Asiyejua hawezi kukosea mahali pale pale mara mbili! Tuliyasikia haya katika ushairi wetu pia. Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka wa 1974, walikuwapo waliodhani kwamba anayeviacha vina na mizani hakuviweza. Kushindwa na kukataa ni mambo mawili.

Mfano ulio wazi zaidi ni ‘Lola’, wimbo wa The Kinks wa mwaka wa 1970. Ndani yake mwanamume anasimulia alivyokutana na mtu ambaye jinsia yake inamtatanisha. The Raincoats waliuimba bila kumgeuza msimulizi awe mwanamke. Sasa fumbo likawa juu ya fumbo: sauti ya kike, nafsi ya kiume, na huyo Lola katikati. Hebu jaribu kuutafsiri. Kiingereza humlazimisha msemaji kuchagua kiwakilishi cha kike au cha kiume, na wimbo unacheza hapo hapo. Sisi tuna ‘yeye’ na kile kiambishi ‘a-’, basi. Kiswahili kingelificha mapema mno kile ambacho wimbo unataka kukifichua polepole.

Kwangu mimi, Odyshape ya mwaka wa 1981 inaishinda ile ya kwanza. Wimbo wenye jina hilo unamhusu mwanamke anayeupima mwili wake kwa macho ya wengine. Ala zimepunguzwa makeke, kalimba imeingia, kimya kimepewa nafasi yake. Moving (1984) ina mapigo mengi na mshangao mchache. Mwaka huo huo bendi ikavunjika.

Mwaka wa 1992 Kurt Cobain wa Nirvana alimtafuta da Silva London, katika duka la vitu vya kale alikofanya kazi, akitaka nakala mpya ya santuri yake iliyochakaa. Aliandika habari hiyo, na mwaka uliofuata albamu zao zikatolewa upya. Tumshukuru. Lakini kinachonikera ni kwamba urithi wa bendi hii husimuliwa kana kwamba ulianza mwanamume mashuhuri alipobisha hodi dukani. Wasichana wa vuguvugu la riot grrrl kule Marekani, Kathleen Hanna wa Bikini Kill akiwamo, walijifunza kwao pia: kwamba bendi inaweza kukosa kiongozi, na kwamba sauti haihitaji kulainishwa ndipo isikilizwe.

Birch mwenyewe hajanyamaza. Mwaka wa 2023, akiwa amepita umri wa miaka 60, alitoa albamu yake ya kwanza ya peke yake, I Play My Bass Loud. Katika wimbo unaoipa jina, amewaalika wanawake wengine wapiga besi, wote wakinguruma pamoja.