Ulimi wa Haki: Hoja ya Kujihami katika Filamu ya Zhang Yimou

Katika Di Er Shi Tiao (2024), filamu inayopewa jina na kifungu cha 20 cha Sheria ya Jinai ya Uchina kuhusu kujihami, Hao Xiuping ni kiziwi anayezungumza kwa ishara. Mumewe amemdunga mdai aliyembaka. Hatimaye hoja yao hutetewa na Han Ming, mwendesha mashtaka. Hapa ndipo penye udhaifu wa kazi hii: hotuba ya ofisa inachukua nafasi ya ushahidi wa aliyedhulumiwa, na dola inaonekana kujisahihisha yenyewe.

Historia ya Ukambani, eneo linalojumuisha Kitui na Makueni, inautilia shaka usuluhisho huo. Mwaka 1932, mahakama ya kikoloni jijini Nairobi iliwahukumu kifo Wakamba 60 kwa kumwua mwanamke waliyemshuku kuwa mchawi. Kwa imani yao, walikuwa wakiikinga jamii. Kwa mahakama, hayo yalikuwa mauaji. Baadaye adhabu ilipunguzwa kuwa kifungo. Hata hivyo, marehemu hakuwa na wa kumsemea hofu yake.

Filamu inauliza ni nani aliyeanza ugomvi. Swali zito zaidi, la nani anaruhusiwa kuieleza hofu, inaliacha bila jibu.