Bondia na Uozo: Kuitazama Upya Decasia

Katika Decasia, filamu ya Mmarekani Bill Morrison iliyotoka mwaka 2002, yumo bondia apiganaye na kitu asichokiona. Yaelekea siku alipopigwa picha alikuwa mazoezini, akiupiga mfuko uning'inizwao. Lakini upande ule wa mfuko ukanda umeoza, na mahali pake imesimama nguzo ya ukungu na malengelenge, ikichemka na kuyumba. Bondia hurusha ngumi. Nguzo huumeza mkono, kisha humrudishia. Ni nadra kuona picha inayoeleza maisha ya sinema yenyewe kama ielezavyo hii.

Filamu nzima imeungwa kwa vipande vya kale vilivyotolewa katika maghala ya kuhifadhia filamu, vingi vikiwa vimeharibika vibaya. Haina msimulizi wala mazungumzo. Huanza na kumalizikia kwa darweshi azungukaye, na baina yake hupita nyuso ambazo madoa huzifunika na kuzifunua. Muziki wa Michael Gordon, uliotungiwa vyombo vilivyopotoshwa sauti makusudi, hauachi sikio litulie. Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu za taifa zinazostahili kuhifadhiwa.

Wengi wameisifu Decasia kwa kutuonyesha uzuri wa uozo. Sifa hiyo naiona ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye uzito.

Uozo hauna jicho la kuchagua. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 sinema nyingi zilichapwa juu ya naitreti ya selulosi, kitu kitokanacho na pamba iliyotiwa asidi ya naitriki, nacho huwaka upesi mno. Kadiri miaka inavyopita, kitu hicho hutoa gesi. Gesi hukutana na unyevu ikawa asidi. Asidi huzifuta chembe za fedha zibebazo picha na kuilainisha jelatini izishikayo. Ukanda hunata kama asali, na hatimaye huwa unga wa rangi ya kahawia. Ukanda wa asetati uliochukua nafasi yake uliitwa wa salama, kwa kuwa hauwaki ovyo. Nao ulikuja na maradhi yake: hunuka siki, husinyaa, hujikunja, na asidi ile ile itokayo ndani yake huzidi kuuharakisha uozo. Taarifa ya mwanzo ya maradhi hayo ilitoka kwa Serikali ya India, ambayo filamu zake zilikuwa zimewekwa katika joto na unyevu. Msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa hali hiyo. Dawa ya kukirudisha kilichokwisha kwenda haipo. Upo ubaridi na ukavu wa kuchelewesha, na kuwahi kunakili.

Hapo ndipo ilipo siri ya Decasia. Ili sisi tuuone uozo, ilibidi kwanza uozo usimamishwe. Makopo yalifunguliwa, vipande vikachaguliwa, vikanakiliwa kwenye ukanda mpya kabla havijawa unga. Bondia yule angali anapigana kwa sababu alinakiliwa. Uzuri tunaousifu ni kazi ya mikono iliyochagua na kuhifadhi. Uzembe haukuchangia ila madoa.

Ninayo lawama moja. Filamu inapokwenda hatuambiwi hawa ni akina nani, wala walipigwa picha wapi, mwaka gani. Watu waliokuwa na majina wanakuwa nakshi tu. Morrison mwenyewe alikuja kulijaza pengo hilo katika Dawson City: Frozen Time ya mwaka 2016, inayosimulia mamia ya makopo ya filamu yaliyofukiwa ardhini mwaka 1929 katika mji wa Dawson City, kaskazini mwa Kanada, yakafukuliwa mwaka 1978. Humo maandishi hututajia watu, filamu na miaka, na kila doa linakuwa na mtu wake aliyepotea. Ubaridi wa ardhi ile ndio uliowahifadhi.

Sisi wapenzi wa ushairi tumezoea faraja moja. Karatasi ikiliwa na mchwa, huenda utenzi ungali kifuani mwa bibi aliyeuhifadhi kwa ghibu, naye akausoma ukaandikwa upya. Filamu haina faraja hiyo. Unaweza kuisimulia hadithi yake, lakini namna mtu alivyogeuza shingo, na jua lilivyompiga usoni siku ile, hakuna kifua kiwezacho kuyabeba hayo. Kwa hiyo atokaye katika Decasia akisema tu kwamba uozo ni mzuri, amemsifu mlaji akamsahau aliyeliwa. Mimi nilitoka nikiyafikiria makopo mengine, ambayo hakuna aliyeyafungua kwa wakati.