Kitumbua Kizuri Kinajulikana Kikipasuliwa

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba mchele huu umetoka Ifakara, hahitaji maelezo mengine. Ndiyo maana kitumbua kilichopikwa nyumbani Ifakara nakipima kwa ukali zaidi kuliko cha mji mwingine. Anayekaa katikati ya mashamba ya mpunga ya Bonde la Kilombero hana sababu ya kuwalisha wanawe kitumbua kisicho na ladha ya mchele.

Basi anza na mchele wenyewe. Kati ya mbegu za mpunga, Supa ndiyo yenye harufu ya kutajika. SARO 5 huzaa zaidi shambani, lakini harufu yake ni ya wastani. Sugua punje kiganjani, zipulizie pumzi, kisha nusa. Harufu hupungua kadiri mchele unavyokaa ghalani, hivyo mchele wa mavuno mapya una faida yake, ila haunywi maji sana: mpishi asipopunguza tui, rojo litakuwa jepesi na vitumbua vitakuwa bapa. Chenga zinazouzwa kwa bei nafuu kwenye mashine za kukoboa nazo zinafaa kabisa, kwa kuwa mchele utasagwa hata hivyo. Sharti ni kuzichambua kwa makini, maana kijiwe hujificha vizuri zaidi ndani ya chenga.

Mchele ulowekwe usiku kucha, usagwe na tui zito na iliki. Sugua tone la rojo kati ya vidole: likikwaruza, kazi ya kusaga haijaisha. Wapo wapishi wanaochota sehemu ndogo ya rojo, wanaipika ikawa uji, wanaurudisha humo humo kabla ya kutia hamira. Nawasifu sana hao. Kitumbua chao cha asubuhi kinabaki laini hadi jioni, wakati cha wenzao kimeshakuwa kikavu.

Kinachoharibu vitumbua vingi vya Ifakara ni joto. Mji uko bondeni, na rojo huumuka upesi. Likisahauliwa huchachuka, na hapo wengi huongeza sukari ili kuficha. Usikubali kufichwa. Sukari ikizidi, kitumbua kinaungua juu kabla ya kuiva ndani, na ladha ya mchele inapotea.

Sasa shika kimoja kilichotoka kwenye chuma cha vitumbua. Kinatakiwa kiwe na tumbo pande zote mbili, rangi ya kahawia, na ukanda mweupe mwembamba kiunoni pale pande zilipokutana. Kiweke juu ya karatasi: alama ndogo ya mafuta si neno, lakini karatasi ikilowa jua mafuta hayakuwa yamepata moto wa kutosha. Kingo ziwe kavu na zivunjike kidogo chini ya jino.

Halafu kipasue kwa mkono, usitumie kisu kwa kuwa kisu hugandamiza. Hapa ndipo hukumu inapotoka. Ndani uone vijitundu vingi vilivyosimama, kama sega la nyuki. Ukikuta uji katikati, mkaa ulikuwa mkali mno. Ukikuta vijitundu vichache na nyama nzito inayovutika, uliza kama hakuna unga wa ngano. Mvuke wa kwanza ulete tui na iliki; ukileta hamira, kimekaangwa kabla ya wakati wake. Mwisho kabisa, tafuna taratibu usikie kama mchele bado upo.

Sura ya nje naipa alama chache tu. Kitumbua kilichopinda upande, chenye mchele safi na vijitundu vyake, nakiweka mbele ya cha mviringo kamili kilichojaa ngano.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaopikia watoto chai ya asubuhi Ifakara: punguzeni sukari, na unga wa ngano uacheni kwa maandazi. Mchele mlio nao unatosha.