Lugha ya Mlinganyo: Uhakiki wa Istilahi za Hesabu za Kemia katika Kiswahili

1. Utangulizi

Katika mijadala juu ya uwezo wa Kiswahili kubeba elimu ya sayansi, hoja mbili zimerudiwa mno. Ya kwanza yadai kwamba lugha hii haina msamiati wa kutosha. Ya pili, ambayo ni ya watetezi wake, yajibu kwamba msamiati huundwa, na kwamba orodha ya istilahi ikikamilika kazi nayo imekwisha. Hoja zote mbili zaishia kwenye neno moja moja. Hakuna inayoitazama sentensi. Makala haya yanakusudia kuitazama sentensi hiyo, na kwa kusudi hilo yameteua tawi dogo la kemia: hesabu za kupima ni kiasi gani cha dutu moja huungana na kiasi gani cha nyingine, ambazo wanakemia huziita stoikiometri.

Jina hilo lenyewe lina funzo kwa mwanaisimu. Lilibuniwa na Mjerumani Jeremias Benjamin Richter mwaka 1792 kwa kuunga maneno mawili ya Kiyunani: moja lenye maana ya kipimo, na jingine, stoicheion, lililotumika kwa elementi na vilevile kwa herufi ya alfabeti. Miaka 20 na ushei baadaye, mnamo 1813 na 1814, Jöns Jacob Berzelius wa Sweden alieneza desturi ya kuandika elementi kwa herufi za majina yao. Tangu hapo kemia ina alfabeti yake, maneno yake na sentensi zake. Watu husema kwamba alama hizo ni za ulimwengu mzima, kwa hiyo hazihitaji lugha. Hoja hii ina upungufu. Alama huandikwa kwa namna moja kila mahali, lakini husomwa kwa sauti, na kila asomaye kwa sauti husoma kwa lugha fulani.

2. Mlinganyo na Mshale

Chukua sentensi iliyo mashuhuri kuliko zote katika somo hili:

2H₂ + O₂ → 2H₂O

Mwanafunzi ameambiwa kwamba huu ni mlinganyo. Atazama, aona mbili na moja upande wa kushoto, kisha mbili upande wa kulia. Tatu si sawa na mbili, naye ashangaa ni kitu gani kilicholingana. Kwa hakika kilicholingana si idadi ya molekuli bali ni idadi ya atomu: nne za haidrojeni na mbili za oksijeni kila upande. Tungamo nalo hulingana, maana gramu 4 za haidrojeni na gramu 32 za oksijeni hutoa gramu 36 za maji.

Je, neno mlinganyo lilaumiwe? La. Lawama ni ya ufafanuzi usiolichambua. Neno hili limetoka katika linganya, yaani kufanya vitu vilingane, wala si katika lingana peke yake. Lingekuwa la hali tu, ulingano ungetosha. Mlinganyo ni tokeo la kazi: kuna mtu aliyeweka tarakimu mbele ya fomula mpaka pande mbili zikapatana. Mwalimu akilifunua neno hivi, nusu ya kazi yake imekwisha.

Mshale nao husomwa vibaya. Aghalabu husomwa “sawa na”, kama kwamba ni hesabu ya kujumlisha. Kiswahili kina njia iliyo bora, nayo imo katika sarufi yake ya kila siku: “Molekuli mbili za haidrojeni na molekuli moja ya oksijeni hutoa molekuli mbili za maji.” Kiambishi hu- hakina nafsi wala hakifungwi na wakati, hueleza jambo la desturi, lililo hivyo leo na kesho. Hivyo ndivyo kanuni ya sayansi inavyotaka kusemwa. Asemaye “zilitoa” asimulia jaribio moja. Asemaye “hutoa” ataja kanuni.

3. Tarakimu na Upatanisho

Kosa la pili huhusu mahali pa tarakimu. Mwanafunzi aliyeandika H₂ + O₂ → H₂O aona oksijeni moja imepotea, naye airekebisha kwa kuandika H₂O₂. Hesabu imekubali, lakini maji yametoweka. Kilichoandikwa ni haidrojeni peroksaidi, dutu nyingine kabisa. Mfano wa sarufi waweza kulieleza kosa hili. Tarakimu ya mbele ni kama kiambishi cha wingi: mtu huwa watu, na utu haukuguswa. Tarakimu ndogo ya chini ni sehemu ya mzizi: ukiigeuza, umetoka kwenye mtu ukaingia kwenye mti.

Hata hivyo, uhakiki wa haki haufichi udhaifu wa lugha inayotetewa. Kiswahili hujivunia upatanisho wa kisarufi, ambao huonyesha ni nomino ipi inayohesabiwa. “Mayai mawili ya vikapu” na “mayai ya vikapu viwili” hayawezi kuchanganywa na yeyote. Lakini tazama “atomu za molekuli mbili”. Je, ni atomu mbili, au ni molekuli mbili? Atomu, molekuli, moli, gramu na elementi zote zimeingizwa katika ngeli moja, ile ya N, ambamo mbili hubaki mbili na za hubaki za. Lugha iliyokuwa na chombo kikali cha kutenganisha imekiweka kando pale hasa kilipohitajiwa. Hili ni jambo ambalo waundaji wa istilahi hawajalipa uzito unaostahili: kila neno hukopwa peke yake, hupimwa peke yake, kisha hutupwa katika ngeli moja na wenzake. Kwa sasa dawa iliyopo ni nidhamu ya mpangilio: tarakimu ikae papo hapo baada ya nomino yake, kabla ya kihusishi -a, na muundo wa ndani uelezwe kwa -enye: “molekuli mbili za maji, kila moja yenye atomu mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni”. Sentensi ni ndefu, lakini haina mashaka.

4. Moli na Korija

Moli hufafanuliwa mara nyingi kama uzito fulani wa dutu. Ufafanuzi huo wapotosha. Tangu mwaka 2019 moli imewekwa kuwa idadi kamili ya chembe 6.02214076 × 10²³. Kabla ya hapo, tangu 1971, ilifasiriwa kwa idadi ya atomu zilizomo katika gramu 12 za kaboni-12. Katika fasili zote mbili moli hurudi kwenye hesabu ya chembe. Wafanyabiashara wa pwani wana neno la jamii hiyo: korija, yaani vitu 20. Korija ya sindano na korija ya majembe zina idadi moja, lakini hakuna atakayezibeba kwa mkono mmoja akadai ni sawa. Moli ya haidrojeni, H₂, ina gramu 2. Moli ya oksijeni, O₂, ina gramu 32. Mwalimu atumiaye kibaba kama mfano hukosea, kwa sababu kibaba hupima ujazo; atumiaye korija hupatia.

5. Kinachotangulia Kwisha

Zikiwapo gramu 10 za haidrojeni na gramu 32 za oksijeni, maji yatakuwa gramu ngapi? Wengi hujibu 42. Lakini moli moja ya oksijeni hutumia moli mbili tu za haidrojeni, yaani gramu 4. Gramu 6 hubaki, na maji ni gramu 36. Oksijeni ndiyo iliyosimamisha mmenyuko, ingawa kwa mizani ndiyo iliyokuwa nyingi. Kwa hiyo kuiita dutu hiyo “iliyo chache”, kama isikikavyo katika maelezo ya mdomo, ni kumwelekeza mwanafunzi penye kosa. Si uchache wake unaotajwa bali ni kazi yake: hukomesha. Neno kikomeshi, lililoundwa kama kiunganishi, lingelieleza jambo hilo bila kuzunguka. Tena li katika ngeli ya KI-VI, na hivyo laepuka msongamano uliotajwa hapo juu.

6. Hitimisho

Imedhihirika kwamba Kiswahili hakishindwi na hesabu za kemia. Kina hu- ya kanuni, kina -enye ya muundo, kina korija ya kufafanulia moli. Kinapokwama, hukwama kwa sababu istilahi zake zimekusanywa bila kuulizwa zitaketi vipi pamoja katika sentensi. Nchini Kenya kemia ya sekondari hufundishwa na hutahiniwa kwa Kiingereza, na wako waonao kwamba suala hili laweza kungoja. Lakini mwanafunzi aambiwapo “gramu 42” ni kosa, naye akauliza kwa nini, jibu atakalolielewa huenda likawa katika lugha aifikiriayo. Ni wajibu wa idara za lugha kuhakikisha kwamba jibu hilo li tayari, na kwamba ni sahihi.